Kabla hujamwita kijana nyota wa besiboli, uliza ana miaka mingapi

Wiki iliyopita kijana mmoja wa Kampala aliniandikia. Anaifuatilia Pittsburgh Pirates, timu ya besiboli ya Marekani, kwa sababu ya David Matoma, mrushaji mpira wa Uganda aliyesajiliwa na timu hiyo, na sasa amejikuta anawafuatilia vijana wote wa timu zake za malezi, zile za madaraja ya chini. Akaniuliza, "Dada, wewe unawajuaje watakaofika Ligi Kuu ya besiboli ya Marekani?" Najua hayuko peke yake. Wengi wenu mnaonisoma mnakesha kutafuta matokeo ya Bradenton na Altoona, timu za malezi za Pittsburgh, na mnataka siku moja jicho lenu liaminiwe. Basi nijibu kwa kirefu, maana elimu hii nimeilipia kwa usingizi wangu.

Besiboli nilifundishwa na mzee. Nilipotoka Tanga kuja Maryland, kazi yangu ya kwanza ilikuwa kuhudumia wazee zamu ya usiku, na mmoja wao hakulala bila kusikiliza Baltimore Orioles redioni. Timu ilikuwa hoi. Mwaka 2021 ilipoteza mechi 110. Mzee hakujali. Alikuwa akinipangia ngazi ya vijana, kutoka daraja la chini hadi la juu: Delmarva (Single-A), Aberdeen, Bowie (Double-A), Norfolk (Triple-A), kisha Baltimore yenyewe, Ligi Kuu. Kila akitaja jina la kijana, alitanguliza umri wake. Sikuelewa kwa nini, mpaka nilipoanza kwenda Bowie mwenyewe.

Huko ndiko nilikomwona Gunnar Henderson mwanzoni mwa msimu wa 2022. Orioles walimchukua 2019 akiwa wa 42 katika uteuzi wa vijana wa kila mwaka, na kwenye orodha za vijana wa timu wakati ule, miongoni mwa majina yaliyokuwa juu yake ni Adley Rutschman na Grayson Rodriguez. Mimi nilitazama vitu viwili. Kwanza, alikuwa na miaka 20 tu katika daraja la Double-A, anapambana na warushaji waliomzidi miaka mitatu, minne. Pili, mwaka uliotangulia alikuwa akitolewa kwa straiki tatu (kukosa mpira au kuuachia mzuri mara tatu) mara nyingi mno, lakini pale Bowie alikuwa anapewa besi za bure, kwa kurushiwa mipira minne mibaya, mara nyingi kuliko anavyotolewa kwa straiki. Mpira mbaya ulikuwa unapita, na yeye anautazama tu, hatingishiki. Kijana akibadilika hivyo ndani ya mwaka mmoja, tena mbele ya wakubwa zake, huyo anajifunza kuliko wenzake. Nikaandika kwamba atawapita wote.

Makala ile niliipeleka kwa ukurasa mmoja wa michezo wa Kiswahili. Jibu lilikuwa la mistari miwili: besiboli haina wasomaji, na kama ningependa kuandika, wana nafasi ya mapishi. Sijasahau. Agosti 31 mwaka huohuo Henderson alicheza mechi yake ya kwanza ya Ligi Kuu na akapiga homu rani, yaani pigo la kuutoa mpira nje ya uwanja. Mwaka 2023 akawa mchezaji mpya bora wa American League, moja ya ligi mbili zinazounda Ligi Kuu, na Orioles wale wa kupoteza 110 wakashinda mechi 101. Hakuna aliyeniandikia kuniambia chochote, lakini nililiona kabla, na ninajivuna nalo.

Kwa hiyo umri. Mpigaji wa miaka 24 anayewatesa watoto wa Single-A hajakuonyesha kitu. Wa miaka 19 anayejikimu Double-A, hata akiwa na wastani wa kawaida, huyo mfuatilie. Mtazame Konnor Griffin wa Pittsburgh: walimchukua 2024 akiwa wa tisa, wakati watu wana mashaka na upigaji wake, na mwaka 2025 akapanda kutoka Bradenton (Single-A) kwenda Greensboro hadi Altoona (Double-A), akiwa bado na miaka 19. Daraja lilipanda, akapanda nalo.

Maskauti, wale wasaka vipaji wa timu, wana kipimo chao cha 20 hadi 80, na 50 maana yake ni mchezaji wa wastani wa Ligi Kuu. Watu wanaidharau 50! Wastani wa Ligi Kuu ni mtu aliyewashinda maelfu. Wanapima upigaji, nguvu, mbio, mkono na udakaji. Mimi kwa mpigaji naanza na lile la kuujua mpira mbaya, kwa sababu mwenye nguvu bila hilo udhaifu wake hufichuka Triple-A. Na uangalie uwanja pia: Greensboro mipira huruka nje kirahisi, hivyo homu rani za pale zihesabu kwa uangalifu.

Warushaji ni habari nyingine, na hapa ndugu yangu wa Kampala nisikilize vizuri. Kasi inavutia macho, lakini mkono ni nyama na kano. Brien Taylor alichaguliwa wa kwanza kabisa 1991 na Yankees, akaumia bega 1993, hakufika Ligi Kuu maisha yake yote. Mark Appel, wa kwanza wa 2013, alifika 2022 akiwa na miaka 30, tena kwa timu nyingine. Kwa hiyo ukimtazama Matoma usihesabu kasi peke yake. Hesabu besi za bure anazotoa. Tazama kama ana aina ya pili ya kurusha anayoiamini akiwa amebanwa, na kama kasi ya mwanzo bado ipo anapochoka. Zikipungua besi za bure mwaka hadi mwaka, furahi. Na umri, nakukumbusha tena.

Kingine ni subira, ambayo siku hizi hatuna. Jackson Holliday, wa kwanza wa 2022, alipita madaraja manne mwaka 2023 akiwa na miaka 19. Alipopandishwa Aprili 2024 alipata mipigo 2 katika majaribio 34, akarudishwa Norfolk, na watu walewale waliomwimba wakamzika. Julai 31 akarudi na kupiga homu rani besi zote zikiwa na watu. Jamani, mtoto wa miaka 20! Tumekuwa watu wa kuhukumu kwa wiki mbili, na tunawahukumu hivyo hata wanetu wenyewe. Gift Ngoepe wa Afrika Kusini alisajiliwa na Pittsburgh 2008 akafika Aprili 2017, wa kwanza aliyezaliwa Afrika kufika huko, na kilichomfikisha ni udakaji wake. Miaka yote ile wangapi walikuwa bado wanamtazama?

Basi mdogo wangu, chukua daftari. Andika jina, umri, daraja, besi za bure, straiki. Orodha za wengine zisome baada ya kuandika yako, siyo kabla. Ukishamaliza vijana kumi wa Pittsburgh, nitumie. Nitaisoma yote, na siyo mimi nitakayekupeleka kwenye mapishi.