Muulize Shangazi: Nitazame nini na kila kitu ni kijivu?

Shikamoo Shangazi. Mimi ni kijana wa Mwanza, nipo Leicester, huu ni mwaka wa pili. Napakia mizigo ghalani, shifti ya usiku. Naingia giza, natoka giza. Tangu Novemba ianze nimekuwa mzito: nikiamka sitaki kutoka kitandani, nakula mkate tu, simu za nyumbani sipokei. Kazini tulipewa kikaratasi kinachosema tufanye mazoezi ya utulivu na "kutazama mazingira". Nikapakua programu kwenye simu, ikaniambia nifumbe macho nihesabu pumzi. Nikasinzia, basi likaniacha. Sasa nauliza, hayo mazingira niyatazame wapi? Miti imekufa, ndege wamehama, mbingu ina rangi ya sufuria. Mimi nilizoea kuona ziwa.
*Mpakiaji, Leicester*

Marahaba mwanangu, na pole. Hilo la basi limenichekesha, nisamehe. Nimefanya kazi ya wodini usiku katika mji huohuo hadi nilipostaafu, kwa hiyo naijua hiyo saa kumi na mbili asubuhi ya Desemba, unatoka mlangoni na macho yanawasha, na huko nje bado ni usiku.

Tuanze na jua, maana ndilo linalokuchanganya. Sisi tumekulia karibu na Ikweta, jua linatoka saa kumi na mbili na kuzama saa kumi na mbili, mwaka mzima linapishana kidogo tu. Leicester mwezi wa Desemba linachomoza kama saa mbili na robo asubuhi, na saa kumi jioni haijagonga limeshazama. Hata likiwapo linapita chini chini, nyuma ya mapaa. Sasa mwili hauna saa ya ukutani. Unajua mchana na usiku kwa mwanga unaoingia machoni. Mwanga ukipungua, usingizi unavurugika, mtu anatamani wanga na sukari, moyo unazama. Hiyo mikate yako siishangai hata kidogo.

Na usikubali mtu akuambie ni uvivu. Daktari Norman Rosenthal alizaliwa Johannesburg, akahamia New York mwaka 1976, akashangaa kuona kila baridi ikiingia nguvu zinamwishia. Mwaka 1984 yeye na wenzake wakauandika rasmi ugonjwa huu, sonona inayokuja na majira. Aliyetufungulia njia, basi, ni mtoto wa Afrika Kusini aliyekuwa mgeni kwenye baridi kama wewe.

Kwa sababu hiyo, kabla ya miti nenda kwa daktari. Kutopokea simu za nyumbani tangu Novemba si jambo la kupuuza. Mwambie daktari wako wa mtaa hivyohivyo ulivyoniambia mimi. Kwa Uingereza unaweza pia kujiandikisha mwenyewe kwa tiba ya mazungumzo ya NHS, yaani huduma ya afya ya umma, bila kupitia kwake. Ikitokea usiku mmoja ukajiona hutaki tena kuishi, usisubiri kukuche: piga 111 kisha ubonyeze 2, au 116 123 ya Samaritans, shirika la kuwasikiliza wenye dhiki, ni bure saa zote. Ukisikia habari za taa za laksi 10,000 (laksi ni kipimo cha mwanga) ambazo watu hukaa mbele yake nusu saa, muulize daktari kwanza, hasa wewe unayelala mchana, au kama una tatizo la macho.

Haya, sasa mazingira.

Ukifika nyumbani saa moja asubuhi ukalala, weka kengele saa nane mchana. Usijiambie utaamka ukishiba usingizi, utaamka giza. Saa nane una karibu saa mbili za mwanga. Toka nje hapo hapo, chai utakunywa ukirudi. Hata siku ya mawingu mazito, mwanga wa nje unazidi mara nyingi ule wa sebuleni mwako na taa zote zimewashwa.

Nenda New Walk. Ile njia ya waenda kwa miguu inayopanda kutoka mjini kuelekea Victoria Park ipo tangu 1785, haina gari hata moja, ina miti mikubwa na mataa ya zamani. Kama ni mbali, tafuta mti wowote karibu na kituo chako cha basi. Chagua mmoja. Huo ndio wako mpaka Machi.

Umesema miti imekufa. Sogea karibu, mwanangu. Kamata tawi la chini uangalie ncha yake. Chipukizi lipo pale, limefungwa vizuri, nalo halikuja jana: mti ulilitengeneza tangu kiangazi kilichopita, majani yalipokuwa bado mabichi. Majani yanapoanguka ndipo tunapoliona. Mti uitwao ash una machipukizi meusi tii, unautambua kwa hayo tu. Ule wa horse chestnut una machipukizi makubwa ya kahawia yenye utomvu, ukiyagusa kidole kinanata. Na chini kidogo ya chipukizi, pale jani la mwaka jana lilipobanduka, kuna kovu lenye umbo la kiatu cha farasi, na ndani yake vidoti vimejipanga kama matundu ya misumari. Vidoti hivyo ndiyo mirija iliyokuwa ikipeleka maji kwenye jani. Nilimwonyesha mgonjwa mmoja tawi kama hilo, mzee wa Kiingereza aliyeishi Leicester maisha yake yote, akaniambia hajawahi kuliona kovu hilo. Kwa hiyo usidhani wenyeji wanatuzidi.

Ukipita kandokando ya mfereji mwezi wa Januari au Februari, tafuta kichaka cha hazel. Utakiona kwa mikia ya njano inayoning'inia matawini wakati kila kitu kingine ni kitupu. Mikia hiyo ni maua dume. Igonge kwa kidole siku kavu, vumbi la njano litatoka. Halafu tafuta ua jike kwenye tawi hilohilo. Hapa ndipo watu wengi wanaposhindwa. Linafanana na chipukizi la kawaida, ila nchani lina nyuzi chache nyekundu, ndogo kuliko punje ya mchele. Utalitafuta dakika kadhaa. Katika dakika hizo hutakuwa ukifikiria kodi ya nyumba, na hilo ndilo lile zoezi la utulivu la kikaratasi chenu, ila hili linafanywa macho wazi. Mtu aliyechoka usimfumbe macho.

Na usihangaike kutafuta utulivu. Ukisimama pale mawazo ya madeni yatakuja, yaache yaje. Wewe endelea kuhesabu machipukizi ya tawi moja. Siku nyingine utarudi nyumbani ukiwa vilevile ulivyotoka, nayo ni sawa, angalau macho yamepata mwanga.

Ndege wamehama? Baadhi, ndiyo. Mbayuwayu waliokuwa Uingereza mwezi wa Julai sasa wapo kusini mwa Afrika. Lakini wapo waliohamia huko uliko. Kuna ndege wa madoa aitwaye redwing, mwenye wekundu ubavuni chini ya bawa, anayekuja kutoka Skandinavia akikimbia baridi ya kwao, anashinda kwenye vichaka vya matunda mekundu. Kwake yeye Leicester ndiko kwenye joto! Sikwambii ili upunguze kujihurumia. Nakwambia kwa sababu hunifurahisha kila mwaka.

Mwingine ni robin, kadogo, kifua cha rangi ya chungwa. Ndege wengi wa huko hunyamaza baridi ikiingia. Huyu haachi, kwa sababu analinda eneo lake hata baridi, dume na jike kila mmoja na lake, na wote wawili huimba. Mataa ya barabarani humfanya aimbe hata usiku. Kwa hiyo wewe mfanyakazi wa usiku una bahati waliolala hawana: ukitoka ghalani, vua spika za masikioni upite pole pole chini ya mataa. Sauti nyembamba, inapanda, inakatika, inaanza upya tofauti. Akijibiwa na mwingine ng'ambo ya barabara, ujue mpaka wa shamba lao upo hapo katikati.

Jambo moja la mwisho kwako. Watu husubiri tarehe 21 Desemba ndipo waanze kujipa moyo. Huna haja ya kusubiri. Jua la jioni huacha kuwahi kuzama tangu tarehe 12 au 13 hivi, kisha linaanza kuchelewa, ingawa asubuhi zinaendelea kuwa za giza mpaka karibu na mwaka mpya. Mwisho wa Januari Leicester jua linazama kama saa kumi na dakika 45, yaani umepata takriban dakika 50 za jioni. Sisi tunaofuata ratiba ya msikiti tunaliona hilo kwenye karatasi, Magharibi inasogea dakika baada ya dakika. Nawe ibandike ratiba yoyote ya jua mlangoni. Halafu mpigie mama yako Mwanza, hata dakika mbili, mwambie umeona ua la hazel. Hatajua ni nini, atafurahi tu kusikia sauti.

Shangazi, shikamoo. Nipo Glasgow ghorofa ya tisa, watoto wawili, wa miaka minne na saba. Mvua na upepo, lifti mara nzima mara mbovu. Hao wanangu ni kishikwambi tangu watoke shule. Bustani sina. Nifanyeje wasioze ndani, na mimi nisichanganyikiwe?
*Mama wa ghorofani*

Marahaba mama. Ghorofa ya tisa una dirisha ambalo wenye bustani wangelilipia. Wape watoto kazi ya shakwe. Wapo wadogo wenye midomo na miguu myekundu, wamejaa mijini baridi. Kiangazi wana kichwa cha kahawia iliyokoza. Baridi kichwa kinakuwa cheupe, linabaki doa jeusi tu nyuma ya jicho. Kuanzia Februari wataona vichwa vinarudi giza, mmoja mmoja. Huyo wa miaka saba amchore kila wiki. Wikiendi ya mwisho ya Januari kuna hesabu ya ndege ya RSPB, shirika la kulinda ndege la Uingereza, inafanyika tangu 1979: unakaa saa moja unahesabu unaowaona, kisha unatuma. Bustani si lazima, hata uwanja wa karibu unatosha.

Mkishuka siku ya upepo, okoteni tawi la horse chestnut lililoanguka. Litieni kwenye gilasi ya maji dirishani, badilisheni maji. Kwa joto la ndani litachanua kabla ya wenzake waliobaki nje, na jani linavyojifungua lina manyoya laini, watoto watataka kuligusa asubuhi na jioni. Waachie.

Na wewe mwenyewe, wakilala, zima taa za sebuleni usimame dirishani ukiwa umejifunika kitenge au blanketi. Usifanye usafi kwanza. Usafi utakuwepo.

Bi Shangazi, nasoma majibu yako kwa heshima, lakini hili la kusimama mbele ya mti naona ni mambo ya watu wasio na kazi. Marehemu baba alilima Kilosa miaka yote. Sikumwona hata siku moja akitazama mti kwa ajili ya afya ya akili.
*Mzee asiyeshawishika, Birmingham*

Shikamoo mzee wangu. Marehemu baba yako, Mungu amrehemu, alitazama kutwa. Alitazama mawingu yanatokea upande gani, kumbikumbi wametoka au bado, mwembe umetoa maua mangapi. Mkulima asiyetazama analala njaa. Hakuhitaji kikaratasi kwa sababu kazi yenyewe ilimtoa nje tangu alfajiri. Wewe na mimi tumeletwa mahali ambapo mtu anaweza kutoka kitandani, kupanda basi, kukaa ofisini na kurudi bila kujua mwezi ni mchanga au mpevu.

Wazee wetu walisema kilimia kikizama kwa jua huzuka kwa mvua, kikizama kwa mvua huzuka kwa jua. Basi kilimia hichohicho kipo juu ya Birmingham jioni za Januari, juu sana upande wa kusini, siku isiyo na mawingu. Toka kwenye mwanga wa taa, subiri macho yazoee, utakiona kile kikundi cha nyota zilizobanana. Na kama shaka yako ni ya dini, Sura ya Ghashiya inatutaka tuangalie ngamia, mbingu, milima na ardhi. Mkristo naye ana ndege wa angani na maua ya mashamba katika Mathayo 6. Sijaona aliyekatazwa.

Ila vaa viatu vyenye meno, mzee. Njia zinateleza, na nyonga ya umri wetu haina subira.

Shangazi, kwa ufupi: vitamini D ninywe au ni biashara tu?
*Msomaji, Leeds*

Kunywa. Ushauri wa NHS ni maikrogramu 10 kwa siku, kwa kila mtu kufikiria kuanzia vuli mpaka mwisho wa baridi. Na sisi wenye asili ya Afrika, ngozi yetu nyeusi inahitaji jua zaidi kuitengeneza, tunashauriwa kuifikiria mwaka mzima. Vidonge vya bei nafuu vinatosha, usidanganywe na chupa za dhahabu. Usizidishe ukidhani mbili ni bora kuliko moja, na kama unameza dawa nyingine muulize mfamasia kwanza. Haitibu huzuni peke yake. Mifupa itakushukuru.