Unataka kuwa rubani kama Sullenberger? Anza na haya

Wadogo zetu wa Lubumbashi wanaoutaka urubani humtaja sana Chesley Sullenberger, aliyeitua Airbus A320 juu ya mto Hudson, New York, tarehe 15 Januari 2009, watu wote 155 wakatoka hai. Mto ndio unaokumbukwa. Kwetu somo liko kwenye zile dakika tatu na nusu kabla ya maji.

Bata bukini waliingia kwenye injini zote mbili kwenye futi 2,800 hivi. Sullenberger aliwasha mara moja APU, injini ndogo ya mkiani inayotoa umeme, ingawa kwenye orodha ya dharura ilikuwa chini sana. Orodha ile ilitungwa kwa ndege iliyo juu ya futi 20,000, yenye muda. Umeme huo ndio uliozifanya kompyuta ziendelee kuilinda ndege isiangushwe na kasi ndogo. Kisha akachukua usukani kwa msaidizi wake, Jeffrey Skiles, naye Skiles akashika orodha. Mikono haikugombana.

Baadaye majaribio ya simuleta (mashine ya kuigiza urukaji) yalionyesha kwamba kurudi LaGuardia, uwanja waliotoka, kuliwezekana kwa aliyegeuka papo hapo. Walipoongeza sekunde 35 za kutambua na kuamua, ndege haikufika.

Utulivu ule aliujenga kwa miaka: ndege zisizo na injini akiwa mwanafunzi wa chuo cha jeshi la anga, ndege ya kivita F-4 Phantom, kisha ndege za abiria tangu 1980. Siku ile alikuwa na zaidi ya saa 19,000 angani.

Sasa njoo Luano, uwanja wa ndege wa Lubumbashi, mita 1,309 juu ya bahari. Oktoba, joto likifika nyuzi 30, hewa huwa nyepesi kana kwamba uko mita 2,100 na zaidi. Injini ya Cessna 172S, ndege ndogo ya injini moja, ikizima, shika noti 68 (knots, kizio cha kasi) kwenye kipimo cha kasi. Kasi yako halisi itakuwa karibu noti 75. Ardhi inakimbia kuliko ulivyozoea, mkono unataka kuinua pua. Usiinue! Hapo ndipo mabawa huacha kubeba. Chagua uwanja unaokabili upepo, kisha kagua tangi, mchanganyiko wa mafuta na hewa, na magineto (vinavyotoa cheche za injini). Redio baadaye: sema mayday (wito wa dharura), weka 7700, namba ya dharura ya kuonekana kwenye rada. Kabla ya kugusa, funga mafuta, shusha flapsi (vibawa vya nyuma ya mabawa), zima umeme, legeza milango.

Ikizima punde baada ya kuruka, tua mbele. Kona ya kulaza ndege nyuzi 45 hupandisha kasi ya chini kabisa ya kubebwa kwa karibu asilimia 19, na wewe huna futi za kulipia.

Kuhusu leseni, viwango vya ICAO, shirika la kimataifa la usafiri wa anga, ni saa 40 za kuruka kwa rubani binafsi, 200 kwa leseni ya biashara (150 kwenye kozi moja iliyoidhinishwa), na 1,500 pamoja na umri wa miaka 21 kwa nahodha wa shirika. Kiingereza kiwe daraja la 4 kwenye kipimo cha ICAO. Zambia, wanakozungumza Kiingereza, iko ng'ambo tu ya mpaka wa Kasumbalesa, nenda ukakizungumze, maana sarufi ya darasani haitoshi redioni.

Na kabla familia haijauza kiwanja ili kulipa ada, fanya uchunguzi wa afya wa daraja la 1. Macho yakishindwa kutofautisha rangi, au moyo ukiwa na hitilafu, ni afadhali daktari aseme leo.