Barua pepe zinaingia ila hazitoki: pa kuanzia

Ukianza kazi ya kuhudumia kompyuta za wenzako, malalamiko haya utayapokea mapema: "Barua za watu zinaingia vizuri, ila zangu haziendi." Laptopu iko kwenye Wi-Fi ya hoteli, kurasa za wavuti zinafunguka, na barua ya tangu asubuhi bado imekaa kwenye Outbox, folda ya barua zinazosubiri kutumwa. Tafadhali usikimbilie kufuta akaunti na kuiweka upya. Kwenye akaunti ya POP, inayoshusha barua kutoka kwenye seva hadi kwenye kompyuta, barua za zamani mara nyingi ziko ndani ya mashine hiyo tu. Utamfutia mtu kumbukumbu za miaka, na tatizo libaki palepale.

Kuingia na kutoka ni milango miwili. Barua zinazoingia hupitia seva ya IMAP, kwa kawaida poti (namba ya njia ya kuingilia seva) 993, au ya POP, poti 995. Zinazotoka hupitia seva ya SMTP, yenye anwani yake, poti yake, na mahali pake pa kuweka nenosiri. Kwa hiyo mtu akikuambia "mbona napokea?", hajakuambia lolote kuhusu kutuma.

Pima kabla ya kugusa mipangilio. Ingia kwenye barua pepe kwa kivinjari, utume barua fupi. Ikienda, akaunti ni nzima. Kisha iondoe laptopu kwenye Wi-Fi ile, iunganishe na hotspoti ya simu, utume tena kwa programu ya barua pepe iliyogoma. Ikitoka, mtandao wa hoteli ndio unaozuia. Ikigoma kote kuwili, rudi kwenye mipangilio.

Mara nyingi kwenye mipangilio ya kutuma utakuta poti 25. Poti hiyo ni ya seva kupelekeana barua, na kompyuta zenye virusi huitumia kumwaga barua taka, ndiyo maana kampuni nyingi za intaneti na Wi-Fi nyingi za umma zimeifunga. Laptopu iliyopangwa hivyo zamani hutuma vizuri ofisini, ikakwama ikisafiri. Weka 587 pamoja na STARTTLS, au 465 pamoja na SSL/TLS, zote njia za usimbaji, yaani kuficha ujumbe usisomeke njiani. Usizichanganye: kwenye 465 usimbaji huanza tangu mguso wa kwanza, ilhali 587 huanza wazi ndipo ikapanda kwenye usimbaji. Ukioanisha 587 na SSL/TLS, programu itahangaika bila kuelewana na seva mpaka ikate tamaa. Kwenye Thunderbird, mojawapo ya programu za barua pepe, fungua Account Settings, shuka hadi Outgoing Server chini ya orodha ya kushoto, chagua seva, bonyeza Edit.

Ukiwa hapo hapo, hakikisha njia ya uthibitisho si "No authentication". Baadhi ya seva humkubali mtumaji kwa kuwa yuko ndani ya mtandao wao tu. Akitoka nje, zinamkataa kwa ujumbe wa 550 wenye neno "relay", yaani kupitishia barua kwenda seva nyingine. Dawa ni jina kamili la akaunti na nenosiri.

Kama hujui poti imefungwa au la, usibahatishe. Kwenye Windows fungua PowerShell, dirisha la kuandikia amri, uandike:

Test-NetConnection smtp.gmail.com -Port 587

Weka anwani ya seva yako badala ya hiyo, kisha soma mstari wa TcpTestSucceeded. True maana yake njia iko wazi. False, kuna kinachozuia: mtandao wenyewe, au ngome (firewall) ya antivairasi ndani ya laptopu.

Soma namba ya kosa hadi mwisho. Wengi hubonyeza OK kabla hawajaisoma. 535 ni nenosiri kukataliwa. Kwa Gmail, programu isiyoweza kuingia kwa dirisha la Google inahitaji nenosiri la programu lenye herufi 16, nalo hupatikana baada ya kuwasha uthibitishaji wa hatua mbili. 552 mara nyingi ni uzito. Kila seva ina kikomo chake, na kiambatisho huongezeka karibu theluthi moja kinapofungashwa kwa safari, hivyo faili la MB 20 hufika karibu MB 27 na huweza kukataliwa na seva yenye kikomo cha MB 25.

Wi-Fi ikikata kila kitu, barua zinazoingia nazo, fungua kivinjari kwanza: huenda ukurasa wa kuingia wa hoteli umeisha muda. Tazama na saa ya laptopu, maana tarehe ikiwa mbovu, cheti cha seva, kinachothibitisha kuwa ndiyo yenyewe, huonekana batili.

Barua moja nzito ikiwa imeziba Outbox ya Outlook, bonyeza Work Offline, ihamishie kwenye Drafts, punguza kiambatisho, kisha rudi mtandaoni. Zilizokuwa nyuma yake zitatoka zenyewe.