Gari-nyumba mlimani: ukiweka frii umeziachia breki kazi yote

SWALI: Shikamoo fundi. Nina Coaster ya dizeli, injini 1HZ, gia za mkono. Nimeitoa viti nikaweka vitanda, friji, jiko la gesi, tangi la maji la lita 200, na jenereta juu ya keria. Mwezi ujao mimi na mke wangu tunataka kutoka Morogoro kwenda Iringa, Mbeya, mpaka Matema, ufukweni mwa Ziwa Nyasa. Kila mtu ananitisha na mlima Kitonga, kabla ya kufika Iringa. Dereva mmoja wa lori amenishauri nikishuka mlima niweke frii, yaani nitoe gia, injini ipumzike na nibane dizeli. Fundi wangu anasema breki ni nzima, ameongeza tu oili ya breki. Je, gari zito namna hii litapita salama?
Msomaji, Morogoro

JIBU: Marahaba. Kupita litapita. Ila ukitokea Morogoro, Kitonga unaipanda, huishuki. Wakati wa kwenda, jicho lako liwe kwenye geji ya joto la injini, na usilazimishe kulipita lori kwenye kona. Mteremko ambao hao wanaokutisha hawajautaja ni wa Tukuyu kwenda Kyela. Tukuyu iko zaidi ya mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, Ziwa Nyasa halifiki 500. Hapo ndipo breki zako zitapimwa kweli. Kitonga utaishuka wakati wa kurudi, umechoka, unawahi nyumbani.

Sasa hili la frii. Nimelijibu mpaka limenichosha, na bado kila msimu wa sikukuu linarudi, tena kutoka kwa madereva wenye leseni za miaka mingi.

Frii haibani dizeli. Ukiwa kwenye gia na umetoa mguu kwenye mafuta, magurudumu ndiyo yanayozungusha injini, na gavana, kidhibiti cha dizeli kwenye pampu yako, inakata dizeli mpaka mzunguko ushuke karibu na sailensi, ule mngurumo wa chini gari likiwa limesimama. Ukiweka frii, injini inabidi ijilishe isizime, kwa hiyo inaendelea kunywa. Wapo wanaokwenda mbali zaidi, wanazima injini kabisa. Hapo usukani unakuwa mzito, na busta ya breki inabaki na akiba ya kukanyaga mara chache tu. Baada ya hapo utasukuma pedeli kwa nguvu za mguu wako mwenyewe, na gari la tani 5 halisimami kwa nguvu za mguu.

Tupige hesabu. Tani 5 zikishuka mita 1,000 zinaachia nguvu ambayo, ikigeuka joto yote, inachemsha ndoo 7 za maji, zile za lita 20. Sehemu yake huishia kwenye upepo na matairi. Ukiwa kwenye gia, injini nayo inabeba fungu kubwa. Ukiweka frii, fungu hilo la injini umezitwisha breki. Dramu, ile ngoma ya chuma inayozunguka na tairi, inapata moto, inatanuka, inazikimbia breki shuu zinazoisugua kwa ndani, na pedeli inaanza kushuka zaidi kila ukikanyaga. Oili ya breki ya daraja la DOT 3 ikiwa mpya huchemka kwenye nyuzi za Selsiasi 205 au zaidi. Ikishanyonya unyevu, inaweza kuchemka kwenye 140 tu. Ikichemka inatoa mapovu, na mapovu yanabonyea. Dereva anakanyaga, mguu unazama mpaka chini, gari haliitiki. Anakumbuka gia, lakini gari limeshafika kilomita 90 kwa saa na gia namba mbili haiingii tena. Ndivyo yanavyopatikana mabaki ya malori mabondeni, kisha watu wanasema mlima una jini.

Wewe fanya hivi: chagua gia ukiwa bado juu, kabla pua ya gari haijainama. Anza na namba mbili, au tatu pale mteremko unapolegea, na mwendo uwe kati ya kilomita 30 na 40. Ukijikuta mguu hauondoki kwenye breki, gia yako ni kubwa mno: punguza mwendo, shuka gia moja. Breki ikanyage kwa nguvu mpaka mwendo upungue kama kilomita 10, kisha iachie kabisa ipate upepo. Wanaoigusagusa breki toka juu mpaka chini wanadhani wanaitunza, kumbe wanaipika taratibu. Wanaokupigia honi nyuma watafute pa kupita.

Jenereta ishushe kwenye keria, maana uzito wa juu ndio unaolaza gari kwenye kona. Maji beba lita 40. Unakwenda ziwani, lita 200 za nini? Gesi ifunge kwenye mtungi wenyewe, si kwenye jiko. Kabla ya safari pitisha gari kwenye mizani ukiwa umepakia kila kitu, wewe na mama mkiwa ndani, ulinganishe na uzito ulioandikwa na kiwanda.

Halafu huyo fundi wako. "Nimeongeza tu oili" si matengenezo. Mfumo wa breki umefungwa. Oili ikipungua, ama pedi na shuu zimelika au kuna mahali panavuja. Akiongeza bila kutafuta sababu, amekufichia ugonjwa. Na ameongeza oili gani? Nimekuta gari zimejazwa haidroliki, nyingine maji ya sabuni, kwa sababu duka lilikuwa mbali. Haidroliki inavimbisha raba za masta silinda, breki zinang'ang'ania. Kopo la DOT lililokaa wazi kwenye rafu tangu mwaka jana nalo limeshakunywa unyevu, usilikubali.

Baya kuliko yote ni lile la kukunja bomba. Silinda ya tairi moja inavuja, fundi analikunja bomba lake kwa koleo, analigonga nyundo, anakwambia "tatu zinatosha." Mjini utaendesha miezi bila kuhisi, labda usukani utavuta upande kidogo. Mlimani, tairi tatu zinabeba joto la nne. Ukinunua Coaster iliyotoka kwenye daladala, lala chini na tochi, fuata kila bomba mpaka kwenye tairi. Likionekana limebanwa bapa na kupinda kama kiwiko, gari hilo halina breki, hata kama limepita ukaguzi jana. Na ukisimama njiani breki zinanuka, mtu akaja na ndoo ya maji kupooza dramu, mfukuze: chuma chenye moto kikimwagiwa maji baridi kinapasuka. Subiri nusu saa au zaidi, injini ikiwa sailensi, jiwe mbele ya tairi, upande wa bondeni.

Kwa hiyo kabla ya safari dramu zote zifunguliwe mbele ya macho yako, oili yote imwagwe na kuwekwa mpya kutoka kopo ulilolifungua mwenyewe. Ni kazi ya siku nzima. Akikwambia atamaliza kabla ya chai ya saa nne, chukua ufunguo wako.