Jibu: Nina digrii ya fizikia, nataka nyuklia ya nyota ila Bongo hakuna maabara

Mkuu salama? Kama nimekuelewa, umemaliza fizikia Mlimani, unataka kuwa mnadharia wa nyuklia ndani ya nyota, umekwama sababu huku hatuna maabara wala darubini kubwa. Hiyo isikutishe, mnadharia kazi yake hesabu, kompyuta na kubishana na watu. Fred Hoyle, mwanaastronomia Mwingereza, 1953 alikokotoa tu akasema kiini cha kaboni lazima kiwe na hali ya nishati karibu MeV 7.7 (MeV ni kipimo cha nishati ya viini), la sivyo nyota zisingetengeneza kaboni ya kutosha, wa maabara kule chuo cha Caltech, Marekani, wakapima wakaikuta.

Cha kwanza cheki transkripti, kwanta mekanika na fizikia ya takwimu zimekaaje? Zikiwa mbovu zisome upya kabla ya kuomba popote. Halafu weka Linux, shusha MESA, ni programu ya bure, inakokotoa maisha ya nyota. Mi niliiendesha kwenye laptop ya mtumba ya Kariakoo, feni inalia kama bajaji inapanda mlima, lakini nyota ya uzito wa Jua ilifika mpaka ikawa jitu jekundu, yaani nyota iliyozeeka na kuvimba. Ukimwandikia profesa ambatanisha mchoro wa kitu kama hicho, barua tupu za kuomba skolashipu hawajibu.

Ya kuomba: diploma ya ICTP, kituo cha kimataifa cha fizikia ya nadharia, Trieste, Italia, mwaka mmoja, wanawalipia watu wa nchi kama zetu. Baadaye PhD, kisha postdoc, yaani kazi za utafiti za muda baada ya PhD, za miaka miwili mitatu unahamahama nchi, wengi wanaachia hapo, kama una mchumba mwambie mapema.

Weka hapa masomo na madaraja yako tukuangalizie.