Slaidi za Wakubwa: Anza na Unachokitaka

Kwa muda mrefu sehemu kubwa ya kazi yangu imekuwa kuandaa slaidi za watu wenye mamlaka lakini wasio na muda: wakurugenzi watendaji, wakurugenzi wa fedha, wajumbe wa bodi. Baadhi nimeziwasilisha mwenyewe. Nyingi zaidi nimewaandalia mabosi wangu, kisha nikakaa kwenye kiti cha pembeni wao wakizungumza. Kiti hicho kina faida yake. Mwasilishaji anaitazama skrini. Wewe unazitazama nyuso, na unamwona mkurugenzi wa fedha ameshafika ukurasa wa mwisho wa kabrasha ilhali pale mbele bado inasimuliwa historia ya mradi tangu enzi za mtangulizi wa mtangulizi.

Wengine huliona hilo kama dharau. Mimi silioni hivyo. Anatafuta jambo moja tu: ninaombwa nini? Asipolikuta ukurasa wa kwanza atalitafuta mwenyewe, na akiwa analitafuta hakusikii.

Ndiyo maana kabla ya kugusa programu yoyote ya slaidi huandika sentensi moja kwenye karatasi: tunaomba kikao kiidhinishe jambo fulani, kwa gharama fulani, ifikapo tarehe fulani, kwa sababu fulani. Sehemu hizo nne zikijaa, nusu ya kazi imekwisha. Moja ikikataa kujaa, slaidi hazitakusaidia. Rudi kwa aliyekutuma mkaelewane kwanza. Utashangaa jinsi timu inavyoweza kuhangaika wiki nzima na rangi na michoro bila mtu hata mmoja kuuliza tunaomba nini hasa. Na kama hamuombi kitu, ni taarifa tu, itumeni kwa barua pepe muwaachie watu saa yao.

Sentensi hiyo ndiyo slaidi ya kwanza. Najua tulivyofundishwa vyuoni: usuli, mbinu, matokeo, mjadala, hitimisho. Mpangilio ule unamfaa msomaji anayetaka kukagua njia yote uliyopita. Mkubwa anataka kujua umefika wapi, kisha yeye ndiye atakayechagua kipande gani cha njia akikague. Ukizunguka mbuyu robo saa nzima, atakukatiza, na ombi lako litatolewa haraka haraka watu wakiwa wanafunga makabrasha.

Baada ya ombi, nguvu zangu nyingi huenda kwenye vichwa vya slaidi. "Mauzo ya robo ya tatu" si kichwa, ni jina la faili. "Mauzo ya robo ya tatu yameshuka kwa sababu wateja wawili wakubwa wameahirisha oda" ndicho kichwa, kwa kuwa mtu akikisoma hicho peke yake ameshapata hoja. Ukimaliza kazi, nakili vichwa vyote kwenye ukurasa mmoja uvisome mfululizo. Vikisomeka kama barua fupi yenye mantiki, wasilisho limesimama. Vikisomeka kama orodha ya vitu dukani, bado.

Kuna mfano mmoja wa slaidi ambao siuchoki, ingawa ni wa kuhuzunisha. Januari 2003 chombo cha anga za juu cha Columbia kilipokuwa kinarushwa, kipande cha povu la kuzuia joto kilichomoka kwenye tangi la nje kikagonga bawa la kushoto. Chombo kikiwa bado angani, wahandisi waliandaa slaidi kuwaeleza viongozi wa NASA, shirika la anga za juu la Marekani, ukubwa wa hatari. Kichwa cha slaidi moja kilikuwa na sauti ya kutuliza. Chini kabisa, kwa herufi ndogo, kulikuwa na habari yenyewe: kipande kile kilikadiriwa kuwa na inchi za ujazo 1,920, wakati kile kilichotumika kwenye majaribio kilikuwa na inchi 3. Yaani zaidi ya mara 600. Tarehe 1 Februari chombo kilisambaratika kikirejea duniani na wanaanga wote 7 wakafariki. Slaidi haikutoboa bawa, na sababu za ajali zilikuwa nyingi, lakini bodi ya uchunguzi wa ajali iliitaja slaidi ile moja kwa moja: ilikuwa rahisi kwa kiongozi wa juu kuisoma asitambue kwamba inazungumzia uhai wa watu. Tangu niisome habari hiyo, kila slaidi ninayokagua huanza kuisoma kutoka chini. Mara nyingi kilichojificha mstari wa mwisho ndicho kilichostahili kuwa kichwa.

Sasa niseme jambo ambalo wengi hawatakubaliana nami. Ule ushauri maarufu wa kuweka picha kubwa na maneno matatu kwenye slaidi ni ushauri wa jukwaani, wa mtu anayehutubia ukumbi. Kwenye chumba cha bodi haufai. Slaidi za wakubwa husomwa kabla ya kikao, tena mara nyingi usiku, na hupitishwa kwa watu ambao hawatakuwepo. Picha ya jua linachomoza haimwambii kitu mjumbe anayesoma peke yake nyumbani. Amazon walifika mbali zaidi: mwaka 2004 mwanzilishi wake, Jeff Bezos, aliondoa slaidi kwenye vikao vya uongozi wa juu, badala yake inaandikwa hoja kwa nathari isiyozidi kurasa 6, na wote wanaisoma kimya mwanzoni mwa kikao. Siwaambii mfike huko. Lakini amua mapema: hizi ni slaidi za kusomwa au za kuzungumziwa? Za kusomwa zinahitaji sentensi kamili, za kuzungumziwa zinahitaji chache na nyepesi. Ukitaka seti moja ifanye kazi zote mbili, utaishia kuwasomea watu maneno wanayoyaona. Mimi hutuma seti kamili siku kadhaa kabla, na mezani nakuja na kurasa tatu au nne zilizotolewa humo humo.

Kingine ambacho hakionekani kwenye slaidi kabisa: uamuzi mkubwa mara chache hufanyika ndani ya kikao. Hufanyika siku zilizotangulia, ofisini kwa huyu na kwa simu na yule. Nenda kamwone mkurugenzi wa fedha na makadirio yako. Muulize ni namba ipi haiamini. Kamwone pia yule unayejua atapinga, hasa huyo, umsikilize bila kujitetea. Hoja yake ikiwa na uzito, iweke kwenye slaidi pamoja na jibu lako. Mtu akiona wasiwasi wake umeandikwa kwa haki, hata akibaki na msimamo wake hupinga kwa utulivu. Na kama una habari mbaya inayogongana na jambo ambalo mkurugenzi mtendaji amelitetea hadharani, asiisikie kwa mara ya kwanza mbele ya bodi. Hapo hata kanuni yangu ya kuanza na ombi haitakuokoa.

Kuhusu chati sina mengi. Chati moja, hoja moja. Chanzo na tarehe ya takwimu viwe chini yake. Usitegemee nyekundu na kijani pekee kuonyesha kibaya na kizuri, kwani wapo wanaume wengi tu wasiotofautisha rangi hizo, andika neno. Namba iliyo kwenye slaidi ya pili ilingane na ya slaidi ya saba, kwa sababu isipolingana hakuna atakayejadili ombi lako tena, watajadili namba. Mbwembwe za maandishi kurukaruka na kuzunguka, acha. Beba nakala ya PDF, maana kompyuta ya ukumbini inaweza isiwe na fonti zako.

Siku yenyewe, ukipewa dakika thelathini jiandae kuzungumza kumi. Zilizobaki ni zao. Jiandae pia kwa dakika tano, kwani ajenda iliyotangulia ikirefuka wewe ndiye utakayepunguziwa. Swali likija kwenye slaidi ya pili, lijibu pale pale. "Nitafika huko" ni jibu linaloudhi hata likisemwa kwa adabu. Kwenye PowerPoint ukiandika namba ya slaidi kisha ukabonyeza Enter unaruka moja kwa moja hadi hapo, hivyo kaa na karatasi yenye orodha ya namba na vichwa, viambatisho vikiwemo. Mjadala ukinoga, bonyeza B skrini iwe nyeusi ili watu watazamane.

Swali la ndiyo au hapana linajibiwa kwa ndiyo au hapana, maelezo yafuate. Usipojua, sema hujui na utaje lini utaleta jibu. Ukishatoa ombi, nyamaza. Ukimya wa mezani hauna maana kwamba wamekataa. Wanafikiri, na ukiujaza kwa maneno utaanza kujipunguzia bei mwenyewe.

Mwenyekiti akisema "tumekubali," funga kompyuta hata kama zimebaki slaidi nzuri kuliko zote. Nimeona ombi lililokwisha kupita likirudishwa mezani kwa sababu mwasilishaji aliendelea kueleza, mjumbe mmoja akasikia kitu kipya, akauliza. Shukuru, toka, na jioni hiyo hiyo mtumie katibu wa kikao mistari mitatu: kilichoamuliwa, nani anakitekeleza, na lini.