Kifua kikijaa maji mlimani: maswali yenu na majibu

Habari zenu jamani, Mbeya, Iringa, Njombe, Makete, wote. Kila ikikaribia tisa Desemba vikundi vya maofisini na vya kanisani vinajipanga kwenda kusherehekea Uhuru juu ya Kilimanjaro, na safari hii maswali mengi yamekuja kuhusu ule ugonjwa wa mlimani unaoshika mapafu. Mimi kama nesi nimefurahi sana mmeuliza, manake kichwa kuuma kila mtu anakijua ila hii ya mapafu watu wanaiita mafua wanalala nayo, na kwenye magonjwa yote yanayoletwa na mwinuko hii ndo inaua zaidi. Naanza.

"Shikamoo dada nesi. Mimi ni kijana wa Uyole, nimezaliwa kwenye baridi, Loleza nimepanda, Rungwe nimepanda. Kuna haja ya kuogopa Kilimanjaro kweli?"

Marahaba mdogo wangu, na hongera kwa Rungwe, ule mlima kwa utelezi wake siyo mchezo. Lakini angalia namba. Mbeya mjini tunaishi kwenye mita kama 1,700 hivi, Loleza ni mita 2,656, Rungwe ni kama 2,960, na kote huko unapanda asubuhi jioni upo nyumbani unakula ugali wako. Kilimanjaro unalala mita 4,600 mpaka 4,700 halafu usiku huohuo unaamshwa uende 5,895, mahali ambapo presha ya hewa ni kama nusu tu ya ile ya Dar. Sasa Rungwe yote mpaka kileleni haijafika hata mita 3,000 na huu ugonjwa wa mapafu mara nyingi unaanza kuonekana ukishalala juu ya hapo, kwahiyo mwili wako haujawahi kupewa huo mtihani.

Halafu baridi siyo mwinuko. Kuzoea baridi ya Uyole ya mwezi wa saba hakukusaidii kitu kwenye oksijeni, na baridi yenyewe inabana mishipa ya damu ya mapafu, yaani inaongezea tatizo. Na vijana wenye nguvu kama wewe ndo mnaoshikwa sana kwasababu mnakimbia, mnataka kufika kambini wa kwanza.

"Mdogo wangu alishushwa mlimani wakasema mapafu yamejaa maji. Waliwaambia wanywe lita tatu kwa siku. Ni hayo maji aliyokunywa yaliingia kifuani? (Mama, Njombe)"

Pole sana mama yangu, na hapana, siyo maji ya kunywa, yale yanaenda tumboni na yanatoka kwenye mkojo kama kawaida. Haya ya kifuani yanatoka kwenye damu yake mwenyewe.

Iko hivi. Mapafu yakikosa oksijeni mishipa yake midogo inajibana. Huku chini hiyo tabia inasaidia, kama kipande kimoja cha pafu hakipati hewa damu inahamishiwa kwingine. Lakini mlimani oksijeni imepungua pafu zima, kwahiyo mishipa inabana kila mahali tena bila usawa, huku imebana sana kule kidogo, na moyo unaendelea kusukuma damu ileile. Wale mnaomwagilia viazi kwa mpira wenye matundu mnajua, ukiziba matundu mengi yale machache yaliyobaki yanarusha maji kwa nguvu mpaka yanapasuka. Ndo hivyohivyo, vimishipa ambavyo havijabana vinapokea presha yote, kuta zake ni nyembamba mno, zinavuja, maji na hata chembe za damu vinaingia kwenye vile vifuko vya hewa. Kifuko kikishajaa maji hakipitishi oksijeni, oksijeni ikishuka mishipa inazidi kubana, presha inazidi kupanda, yanavuja zaidi. Ndo maana mtu anaweza kuwa anaongea saa mbili usiku akila supu na saa kumi alfajiri hali yake ni mbaya kabisa.

Habari njema mama ni kwamba hayo maji yakiwahiwa yanakauka yenyewe, wengi wakishuka na kupata oksijeni wanarudi sawa ndani ya siku chache na mapafu hayabaki na kovu. Waliomshusha walimtendea haki.

"Mimi ni mtu wa Makete ila natafuta riziki Moshi, nabeba mizigo ya wageni. Sisi wagumu tukikohoa tunaambiwa ni vumbi. Nitajuaje kama ni vumbi au ndo hiyo?"

Kaka yangu hili swali lako ndo nimelipenda kuliko yote na naomba usome polepole.

Kikohozi kikavu mlimani kipo sana, hewa ni kavu, vumbi lipo, koo linakwaruza. Cha kuangalia ni pumzi. Kaa chini kwenye jiwe upumzike dakika kumi. Wa vumbi akikaa pumzi inarudi. Mwenye maji kwenye mapafu anahema akiwa amekaa, anaongea maneno mawili anasimama avute hewa, na moyo unakimbia japo hajabeba kitu. Kabla ya hapo dalili ya kwanza kabisa huwa ni uchovu usioelezeka, mtu aliyekuwa anatangulia jana leo anabaki nyuma kabisa, kila kona anasimama. Wenzake wanamcheka kumbe ndo ilishaanza.

Usiku inazidi. Akilala chali anahisi kubanwa, anaamka anakaa, unamkuta ameegemea mabegi. Kikohozi kinaanza kikavu halafu kinalainika, ukisogeza sikio mgongoni unasikia vimlio vidogovidogo vya mapovu anapovuta hewa, mara nyingi upande wa kulia chini ya kwapa ndo panaanza. Mwisho anatema povu la pinki. Ukiona povu la pinki kwenye kitambaa umeshachelewa, usilisubiri hilo kama ndo kipimo. Na kwa ngozi yetu nyeusi usitafute ubluu usoni, mwambie afungue mdomo, angalia ulimi na ndani ya midomo, angalia na kucha.

Mambo mawili yanawadanganya watu wengi. La kwanza, kichwa kinaweza kisiume kabisa, kwahiyo usiseme huyu haumwi mlima kwasababu hana kichwa. La pili, joto la mwili linaweza kupanda kidogo, mtu akasema nimonia, akapewa vidonge na chai akaambiwa lala. Hata madaktari walichanganya hivyo miaka mingi, madaktari wa Peru walikuwa wanaiona kwa watu wa milima ya Andes wanaoshuka pwani na kurudi, lakini wengi duniani walikuja kuelewa baada ya daktari mmoja Mmarekani, Charles Houston, kuandika mwaka 1960 kwamba hii siyo nimonia wala siyo moyo mbovu. Ukiwa juu ya mlima ichukulie kuwa ni mwinuko kwanza, nimonia mtaichunguza mkifika chini.

Na najua kwanini wagumu mnanyamaza, mnaogopa kukosa safari ijayo. Lakini kaka, pafu la mbebaji linavuja sawasawa na la mgeni, na wewe una mzigo wa kilo 20 mgongoni na saa nyingine unalala na blanketi jepesi. Mwambie kiongozi mapema akugeuze na mwenzako mmoja. Kiongozi anayekuambia kaza mwanaume wakati unahema umekaa, huyo siyo wa kumfuata.

"Kikundi chetu Mafinga tumepata bei mbili, njia ya Marangu siku tano na nyingine siku saba ghali zaidi. Tofauti ni nini?"

Tofauti ni usingizi. Marangu geti liko chini kidogo ya mita 1,900, unalala Mandara 2,720, kesho Horombo 3,720, keshokutwa Kibo 4,720, yaani kuanzia Mandara kila usiku umeruka mita elfu moja nzima. Ushauri unaokubalika ni kwamba ukishapita mita 3,000 usiongeze zaidi ya mita 500 kwa usiku, na kila siku tatu nne upumzike. Kwahiyo ile ya siku tano inaruka mara mbili ya inavyotakiwa. Kama hela ni ngumu basi angalau ongezeni siku moja mlale Horombo mara mbili, mchana mnatembea mpaka Zebra Rocks, ile miamba iliyo juu yake, mnarudi kulala. Panda juu lala chini. Mimi ningesubiri hata mwaka mwingine nichange kuliko kuchukua ya siku tano.

"Nibebe dawa gani? Wengine wanasema Diamox, wengine Viagra, wengine tangawizi na kitunguu saumu. (Mwalimu, Iringa)"

Mwalimu, tangawizi inywe, inapasha tumbo, haizibi mapafu yanayovuja. Kitunguu saumu hivyohivyo.

Diamox inasaidia mwili uzoee haraka, utakojoa sana na vidole vitachonyota na soda itakuwa na ladha mbaya, hayo ni kawaida. Mwenye mzio wa dawa za salfa aongee na daktari kwanza. Ila ni ya kuzuia kichwa na kichefuchefu zaidi, usiitegemee kama ngao ya mapafu. Inayotumika kwa mapafu ni nifedipini, ile ya presha, ya kumumunyika taratibu, inalegeza ile mishipa iliyobana. Viagra nayo inalegeza hukohuko ndo maana wanaitaja, lakini ukichanganya hizo mbili presha ya mwili inaweza kuanguka vibaya, na kwenye kiza na baridi huko juu nani atakuokota. Ziandikwe na daktari, siyo kununua tu dukani Mwanjelwa. Lasix, ile dawa ya kukojoza, watu wanafikiri inakausha maji ya mapafu, kwa ugonjwa huu haifai, mgonjwa tayari amekaukiwa mwilini.

Dawa za usingizi acha, pombe acha. Ulanzi mtaunywa mkirudi.

"Tukiwa kambini saa nane usiku mtu anashindwa kupumua tufanyeje? Si tungoje kukuche?"

Hapana, hapana, msingoje. Hapa ndo watu wanafia.

Mkalisheni, msimlaze chali. Mfunikeni vizuri. Kama kuna mtungi wa oksijeni mpeni sasa hivi, msiutunze kwa ajili ya kilele. Kama kampuni ina lile begi la presha la kumwingiza mtu ndani mkapampu, linampa nafuu ya muda, linanunua masaa tu. Halafu anashuka, usiku huohuo, na tochi. Lengo ni angalau mita elfu moja au mpaka apate nafuu, na Kibo kwenda Horombo ni mita elfu kamili, kutoka kambi ya Barafu mnashuka kwa njia ya Mweka. Asibebe hata chupa yake ya maji, na kama mnaweza asitembee, mbebeni au tumieni ile machela ya gurudumu moja, kwasababu kila hatua anayojikaza inapandisha presha kwenye mapafu yaleyale yanayovuja. Asiachwe peke yake na asisindikizwe na mtu asiyejua njia. Helikopta zipo ila msikae mnaisubiri gizani na ukungu umetanda, mkishuka mtakutana nayo hukohuko chini hewa ikiwa nzuri.

Na mgonjwa atakataa. Atasema nalala tu kidogo, nimelipa hela yangu. Mwaka 1891 daktari mmoja, Jacottet, aliumwa hivi karibu na kilele cha Mont Blanc, akakataa kushushwa kwasababu alitaka ajichunguze mwenyewe mwili unavyozoea. Alifia hukohuko juu, na alipopasuliwa mapafu yalikutwa yamejaa maji. Huyo alikuwa daktari. Kwahiyo msimwombe ruhusa, kiongozi aamue.

"Kile kipimo cha oksijeni cha kidoleni kinatakiwa kisome ngapi?"

Kwenye mita 4,700 kusoma asilimia 80 na kitu kwa mtu mzima asiyeumwa ni kawaida, msishtuke kwasababu huku Mbeya mmezoea kuona 95. Pasheni kidole kwanza, kidole cha baridi kinadanganya, rangi ya kucha na hina nazo. Linganisheni na wenzake. Akiwa chini yao sana na anahema amekaa, jibu mnalo. Lakini namba nzuri na mtu anahema, aminini mtu.

"Tunapeleka wanafunzi Kitulo kulala siku mbili kuona maua. Nao wako hatarini?"

Kitulo ni kama mita 2,600, kwa mtoto mzima wa afya hofu ni ndogo sana, wapelekeni wakaione Bustani ya Mungu. Ila mtoto mwenye mafua makali au kifua kilichobana aahirishe, maambukizi ya kifua yanafungulia mlango. Mwenye tundu kwenye moyo au selimundu asiende bila daktari wake kusema ndiyo, selimundu kwenye oksijeni ndogo na baridi inaamsha maumivu makali.

"Mimi nilishushwa mwaka juzi kwa tatizo hilihili. Naruhusiwa kurudi? (Dada, Tukuyu)"

Unaruhusiwa dada yangu, ila wewe siyo sawa na anayeenda mara ya kwanza. Ukirudi kwa kasi ileile uwezekano wa kujirudia ni mkubwa, waliowahi kuumwa wakipandishwa haraka mpaka mita 4,500 zaidi ya nusu yao wanaumwa tena. Kwanza daktari akupime moyo kwa ultrasaundi, wengine wanakutwa na tatizo ambalo hawakulijua. Akikuruhusu mwulize kuhusu nifedipini ya kuanza kabla. Halafu chukua njia ndefu, Lemosho ya siku nane, au anza na Mlima Meru wenye mita 4,566 kwa mwendo wa taratibu uone mwili unasemaje. Na kabla hamjapita geti kiongozi wako awe anajua kila kitu, ni kambi gani ilianza, usiku wa ngapi, na ulianzaje kukohoa.